NGUVU NA AMANA: WASIA KWA MUISLAMU ALIYEPATA AJIRA MPYA

(Mada hii iliwasilishwa baada ya swala ya alasiri, katika msikiti mmoja jijini Tanga, mbele ya vijana waliomaliza vyuo na wanaoanza kazi. Tunaichapa kama ilivyotolewa, isipokuwa maswali na majibu ya mwishoni.)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kugawa riziki kwa hekima yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyejulikana kwa uaminifu hata kabla hajapewa utume, pamoja na ahli zake, sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.



Wazee wa msikiti waliponiomba nizungumze nanyi walinipa mada isemayo "Haki za Muislamu kazini". Niliwaomba ruhusa nianze na wajibu, kisha haki zifuate mahali pake. Sababu ya ombi hilo ni jambo lililonitokea mimi mwenyewe, nami nitalisimulia ingawa halinipi sifa.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja niliyemsomesha madrasa tangu juzuu amma alipata kazi ya msaidizi wa ghala katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka si Muislamu. Kijana aliwekwa katika kipindi cha matazamio cha miezi mitatu. Mwezi wa pili haujesha, akaachishwa. Akanijia usiku akaniambia: "Ustadhi, nimefukuzwa kwa sababu ya swala." Damu ikanichemka. Asubuhi nikavaa kanzu yangu, nikawachukua wazee wawili, tukaenda. Njiani nilikwisha kutayarisha maneno makali, na hata khutba ya Ijumaa nilikwisha kuipanga kichwani.

Mwenye duka alitukaribisha, akatupa viti, kisha akaleta daftari la mahudhurio. Kila siku kijana wetu alitoka saa sita na nusu na kurudi saa nane kasorobo. Hakumwambia mtu, na ufunguo wa ghala alikuwa nao mfukoni. Gari za wateja zilisubiri nje juani. Mara mbili mteja aliyekwisha kulipia saruji alidai kurudishiwa fedha zake akaenda kununua kwingine. Msikiti uko mtaa wa pili tu. Kutia udhu, kuswali na kurudi hakuzidi nusu saa. Tukamwuliza kijana, muda uliobaki ulikuwa ukienda wapi? Akainamisha kichwa. Alikuwa akila, kisha akijinyoosha barazani mwa msikiti mpaka jua lipungue ukali.

Yule bwana akatuambia: "Masheikh, mimi sikumkataza kuswali. Angeniambia, ningempangia muda. Nilimwajiri kwa sababu niliambiwa kuwa watu wa msikiti hawaibi. Kulikuwa na barua za vijana wenu wengine wawili. Nimezirudisha."

Ndugu zangu, wale wawili hawakuwa na kosa lolote, na kuwahukumu kwa kosa la mwenzao hakukuwa uadilifu. Lakini ndivyo walivyo watu. Humpima asiyemjua kwa yule aliyemjua. Mmoja wa wale wawili ninamfahamu. Mama yake ni mjane anayepika vitumbua alfajiri, na barua ile ndiyo waliyokuwa wakiitazamia nyumba nzima.

Nilitoka pale bila kutamka hata neno moja katika yale niliyoyatayarisha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kijana yule anazijua hukumu za udhu kwa dalili zake, na anajua yote yanayobatilisha swala, kwa kuwa nilimfundisha. Lakini katika miaka minane sikumfundisha hata siku moja hukumu za ijara, yaani mkataba wa kazi na ujira, ingawa mlango huo umo katika vitabu vya fiqhi, nami niliusoma chuoni kwa Kiarabu na kuufanyia mtihani. Basi mazungumzo haya ya leo ni deni ninalolilipa.

NABII MUSA KATIKA NCHI YA MADYAN

Tuanze na Kitabu cha Allah. Katika Suratul-Qaswas tunasimuliwa habari za Nabii Musa (a.s.) alipokimbia Misri akafika Madyan. Hebu itazameni hali yake. Ni mgeni, hana ndugu, hana fedha, hana barua ya utambulisho, na nyuma yake kuna watawala wanaomtafuta. Akawakuta wanawake wawili wameyazuia mifugo yao wasiweze kuinywesha kwa sababu ya wachungaji wanaume. Akawanyweshea, kisha akaenda kukaa kivulini na kumwomba Mola wake. Hakudai ujira.

Baadaye mmoja wa mabinti wale akamshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: kuwa ni mwenye nguvu na kuwa ni mwaminifu. Haya yamo katika aya ya 26 ya sura hiyo. Binti yule alizijua vipi sifa hizo? Alimwona akifanya kazi, na aliuona mwenendo wake. Mdhamini wa Musa katika nchi ile ya ugeni alikuwa ni kazi yake mwenyewe.

Kisha wakawekeana mkataba: miaka minane, na kama akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Ibn Abbas (r.a.) aliulizwa Musa alitimiza muda gani, akajibu kuwa alitimiza ule uliokuwa mrefu na bora zaidi. Alikuwa na haki ya kuondoka baada ya minane, akaongeza miwili.

Tazameni vilevile Suratu Yusuf, aya ya 55. Nabii Yusuf (a.s.) ametoka gerezani, na utawala si wa dini yake. Anaomba akabidhiwe hazina za nchi, na sababu anazozitoa ni mbili: kuwa ni mhifadhi na kuwa ni mjuzi. Zilinganisheni sifa hizi na zile za Musa. Nguvu na ujuzi ni upande mmoja. Amana na hifadhi ni upande wa pili. Hakuna kati yao aliyesema: niajirini kwa sababu mimi ni mtu wa dini. Dini ilionekana ndani ya sifa hizo.

UPANDE WA KWANZA: NGUVU, YAANI UJUZI WA KAZI

Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa ikiwa mtu ni mcha Mungu, basi uzembe wake katika kazi ni jambo dogo. Huku ni kughafilika. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) aliyoipokea Imamu Muslim, ametufundisha kuwa Allah ameandika ihsani juu ya kila jambo, hata katika kuchinja mnyama, akaamrisha kisu kinolewe vizuri. Ikiwa ihsani inatakiwa katika kunoa kisu, itakuwaje katika hesabu za ghala, katika sindano ya mgonjwa au katika nondo za nyumba ya watu?

Na katika safari ya hijra, safari iliyobeba hatima ya umma huu, Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walimwajiri mtu aitwaye Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, naye wakati huo alikuwa bado katika dini ya makafiri wa Kikureshi. Walimchagua kwa kuwa alikuwa hodari wa kuzijua njia na walimwamini. Haya yamo katika Bukhari. Basi asishangae mmoja wenu akiona anayepandishwa cheo ni yule anayeijua kazi. Hata katika hijra, kazi ilipewa aliyeiweza.

Wewe uliyeanza kazi mpya, katika majuma ya kwanza fanya yafuatayo. Kuwa na daftari dogo, uandike unaloelekezwa ili usirudie kuuliza mara tatu jambo moja. Ukiwa hujui, sema hujui. Kunyamaza kwa kuona haya kumeharibu mali nyingi za watu. Ukikosea, kawahi wewe mwenyewe kwa mkubwa wako kabla kosa halijamfikia kwa mdomo wa mwingine. Msalimie mlinzi na mfagiaji kama unavyomsalimia meneja. Na yule anayekufundisha kazi, awe wa dini yako au si wa dini yako, ana haki ya kushukuriwa. Sote tunaikumbuka ile hadithi isemayo kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah.

UPANDE WA PILI: AMANA

Amana katika ajira si kutoiba fedha tu. Wanazuoni wa fiqhi wamewagawa waajiriwa makundi mawili. Kuna yule anayewafanyia watu wengi kwa kipande, kama fundi cherehani, naye huitwa ajiri mushtaraka. Na kuna yule aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu, naye huitwa ajiri khaswa. Ninyi wengi wenu ni wa kundi la pili. Huyu alichokiuza ni muda wake. Akiwa ameuza saa nane, na katika hizo saa mbili akazimalizia kwenye simu, au kwenye soga, au kwenye biashara yake ya pembeni, basi amechukua thamani ya kitu ambacho hakukitoa. Isomeni mwanzo wa Suratul-Mutwaffifin, mjiulize kama onyo lile juu ya wanaopunja vipimo linamhusu muuza mchele peke yake.

Nami nisijitoe. Mwalimu wa madrasa anayefika robo saa baada ya wanafunzi, na mwisho wa mwezi akapokea posho yake kamili kutoka kwa wazazi, yumo katika mazungumzo haya. Nimewahi kuwa mwalimu huyo. Namwomba Allah anisamehe.

Jambo jingine ni zawadi. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibnul-Lutbiyya kwenda kukusanya zaka. Aliporudi akagawa: hiki chenu, na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Hadithi hii wamekubaliana juu yake Bukhari na Muslim. Kipimo hiki kinatosha. Ukipewa "soda" na mteja, au "nauli" na msambazaji wa mali, jiulize: kama nisingekuwa katika kiti hiki, mtu huyu angenipa? Ikiwa jibu ni hapana, irudishe kwa adabu.

Amana ni pamoja na siri. Yanayozungumzwa ofisini kuhusu mishahara, magonjwa na madeni ya watu si ya kupelekwa barazani. Na amana ni pamoja na vitu vidogo: karatasi, kalamu, mafuta ya gari na muda wa maongezi wa simu ya kazini.

Na kabla ya yote haya, kazi yenyewe iwe halali. Mtu hawezi kumfurahisha Mola wake kwa uhodari katika kuuza pombe au kuandika riba. Anayejikuta humo na aombe ushauri wa wanazuoni, atafute njia ya kutoka, wala asijihalalishie.

SWALA KAZINI

Hapa ndipo wengi huteleza, ama kwa kuiacha swala, ama kwa kuifanya kisingizio. Allah (s.w.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 103, amebainisha kuwa swala ni faradhi iliyowekewa nyakati zake. Hakuna mwajiri mwenye mamlaka ya kuiondoa. Wanazuoni wamesema kuwa muda wa kuswali faradhi hauhesabiki kuwa ni wizi wa saa za mwajiri, kwa kuwa sharia yenyewe imeutoa nje ya mkataba. Lakini kilichotolewa ni muda wa faradhi na tohara yake, kwa kiasi chake. Usingizi wa barazani haukutolewa.

Nawausia mambo matano.

Kwanza, sema mapema. Siku unayopewa barua ya ajira, mweleze mkubwa wako kwa upole kuwa wewe unaswali, na kwamba ndani ya saa za kazi zinaingia swala moja au mbili. Mwulize ni saa ngapi zinafaa zaidi. Anayeeleza siku ya kwanza huonekana mtu wa mpango. Anayetoroka siku ya kumi huonekana mtoro.

Pili, tumia wasaa aliokupa Allah. Adhuhuri huanza jua linapopinduka na wakati wake huendelea mpaka alasiri iingie, na kwetu huku huo ni muda wa saa tatu hivi. Kuswali mwanzo wa wakati ni bora bila shaka. Lakini ukiwa na mgonjwa mkononi au foleni mbele yako, kumaliza haja ya watu kisha ukaswali ndani ya wakati hakukutii katika dhambi.

Tatu, mpeane zamu. Mkiwa Waislamu watatu katika idara moja, msiondoke nyote kwa pamoja mkaacha meza tupu.

Nne, swali faradhi kazini, na sunna zinazokupita kwa ajili ya kazi ziweke kwa nyumbani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa swala bora ya mtu ni ya nyumbani kwake, isipokuwa ya faradhi.

Tano, Ijumaa haina badala kwa mwanamume aliyewajibikiwa nayo. Iombee ruhusa mapema, na ujitolee kufidia muda huo asubuhi au jioni. Khutba ikimalizika, Suratul-Jumua aya ya 10 inatuelekeza kutawanyika na kutafuta fadhila za Allah. Basi rudi kazini.

Kuhusu saumu, kumbukeni kuwa vita vya Badri vilipiganwa mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 2 Hijria. Mfungaji asiwe mtu wa kuwakaripia wateja kisha akasema: mniwie radhi, nimefunga.

IKITOKEA DHULMA

Nimesema haki zitakuja mahali pake, na mahali pake ni hapa. Uislamu haujatufundisha kuwa wanyonge. Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi Makka. Alimfanyia kazi al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa washirikina. Alipokwenda kudai haki yake, al-As akamwambia hatamlipa mpaka amkufuru Muhammad. Khabbab akakataa katakata. Kisa hiki kimo katika Bukhari, na wafasiri wamekitaja katika sababu ya kuteremka aya ya 77 ya Suratu Maryam na zinazofuata. Tuna mafunzo mawili hapa: sahaba alifanya kazi ya halali kwa asiye Muislamu na akaitimiza, na dini yake hakuiweka sokoni kwa ajili ya ujira.

Kwa hiyo dada yetu anayeambiwa avue hijabu ndipo apate kazi, au kaka yetu anayeambiwa aache swala moja kwa moja, hao wamedhulumiwa, na hatuwaambii wanyamaze. Lakini wadai kwa elimu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inazungumzia uhuru wa mtu kuabudu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakataza ubaguzi kazini, na dini imetajwa miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Sheria hiyo ikaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, na kwamba anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya dakika 60 kwa uchache. Ndani ya dakika 60 adhuhuri inaingia na chakula kinaingia. Aliyedhulumiwa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wala asikawie, kwani malalamiko yana muda wake.

Jueni pia kuwa sheria hiyo ilipotungwa, mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake aliwekwa nje ya vifungu vinavyomkinga na kuachishwa kazi isivyo haki. Miezi ya mwanzo ndiyo ambayo kinga yako ni ndogo, na ndiyo ambayo macho yanayokutazama ni mengi.

Kabla hujasema "nimeonewa kwa ajili ya dini yangu", jiulize maswali matatu. Je, niliomba ruhusa? Je, nilichukua kiasi cha swala tu? Je, kazi yangu ilikuwa imetimia? Ukiwa na ndiyo tatu, njoo kwetu, tutakwenda pamoja, na safari hii maneno yangu sitayameza. Ukikosa hata moja, anza kwa kuirekebisha hiyo. Anayelia dhulma pasipo na dhulma humharibia yule atakayedhulumiwa kweli kesho, kwani hatasadikiwa.

HATIMA

Mtaniuliza kijana yule ameishia wapi. Wiki iliyofuata nilikwenda naye kwa mwenye duka, akaomba radhi mwenyewe kwa ulimi wake. Alisamehewa, lakini hakurudishwa. Ilichukua muda mrefu kupata kazi nyingine, katika gereji, na huko alieleza habari za swala siku ya kwanza. Anaswali katika chumba cha vipuri, na mwenzake asiye Muislamu humshikia zamu kwa dakika kumi. Ama lile duka, sijasikia bado kuwa limemchukua kijana mwingine kutoka kwetu. Mlango uliofungwa na mtu mmoja kwa majuma sita unaweza kuwahitaji watu wengi na miaka mingi kuufungua.

Kwa upande wangu, kila Jumamosi baada ya magharibi ninawasomesha wanafunzi wakubwa mlango wa ijara. Waalimu wenzangu waliopo hapa, nawaomba nanyi mfanye hivyo katika madrasa zenu. Na ninyi mnaoanza kazi Jumatatu, nendeni mkijua kuwa nyuma yenu kuna mtoto wa mjane ambaye barua yake bado iko juu ya meza ya mtu.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie riziki ya halali, atupe nguvu katika kazi na amana katika nafsi zetu, na asitufanye kuwa sababu ya watu kuichukia dini yake. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.